Kamera Mbili, Mkoba Mmoja



Harusi ikikaribia, kuna swali huingia nyumbani kabla ya wageni: upande wa wanawake, picha atapiga nani? Sisi wa Pwani tumelizoea. Usiku wa kupamba, simu hukusanywa mlangoni zikatiwa kapuni, na mwanamke mmoja anayeaminika ndiye anayeachiwa kuingia na kamera. Huko Garissa, Wajir na Mandera jambo ni lile lile kwa majina mengine. Wanawake hukutana kwa buraanbur, beti wanazoghani wao kwa wao huku ngoma ikipigwa, bibi arusi akasifiwa na jamaa zake wakatajwa kwa wema. Na siku ya saba akavikwa shaash, kitambaa cha kichwa kinachomtambulisha kuwa sasa ni mke wa mtu. Waliomo ndani wamevua mabaibui yao kwa kujua kwamba wako peke yao. Picha inayopigwa humo ni amana, na amana huulizwa iko mkononi mwa nani.

Makala ya juma hili, basi, yanahusu kamera. Swali limetoka kwa familia moja ya mjini Garissa niliyojuana nayo tangu nilipokuwa nikienda huko kudarasisha, na mama wa nyumba ameniruhusu nilieleze bila ya kutaja majina. Binti yake, aliyemaliza sekondari miaka michache iliyopita, ameingia katika ayuuto, mchangizano wa fedha wa zamu kwa zamu ambao sisi tunauita upatu. Zamu yake imefika. Anataka kununua kamera ili awe mpiga picha wa wanawake, kwani kwa maelezo yake harusi ni nyingi na wanawake wanaoifanya kazi hiyo ni wa kuhesabu. Dukani Eastleigh, Nairobi, zimepatikana kamera mbili zilizokwisha kutumika, bei zao zikikaribiana: Sony RX100 III na Canon G7 X Mark II. Binti ameipenda Canon. Kaka yake mkubwa, dalali katika soko la mifugo la Garissa, ameishikilia Sony, na kwa kuwa yeye ndiye anayesafiri kwenda Nairobi, yeye ndiye atakayerudi na kamera mkononi. Mama akaniandikia: "Maalim, wanangu hawa wana siku tatu hawasemezani vizuri. Tueleze ni ipi, tupumue."

Neno fupi kwanza juu ya picha yenyewe, maana najua wapo wasomaji wanaolingoja. Wanazuoni wamekhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hadi 1920, aliandika risala akiihalalisha picha ya kamera kwa hoja kwamba mpigaji haumbi chochote, bali anakizuia kivuli kilichokwisha kuumbwa na Mola wake, mfano wa sura iliyoko kiooni. Wengine, akiwemo Sheikh Ibn Baz wa Saudia, walikaza, wakaruhusu penye dharura kama vile kitambulisho na pasi ya kusafiria. Mwenye kufuata kauli hii ya pili simlaumu, na makala haya hayamhusu. Ama familia iliyoniuliza imeshika kauli ya kwanza, na harusini picha zitapigwa tu, tupende tusipende. Lililobaki ni kwamba zipigwe kwa sitara. Katika hilo kauli zote mbili zinakutana: picha ya mwanamke aliyejifunua mbele ya wanawake wenzake si halali kuwafikia wanaume wasio maharimu wake, na Suratun-Nur, aya ya 30 na ya 31, imewaamrisha wanaume na wanawake wote wawili kuinamisha macho.

Na tusidhani kuwa kamera ni bidaa iliyotujia kutoka mbali bila ya mkono wetu ndani yake. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo mnamo mwaka 1040, alieleza jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kutupa sura ya kitu kilicho nje juu ya ukuta wa chumba chenye giza. Nimewasikia wahadhiri wakisema kuwa hata neno lenyewe "kamera" ni la Kiarabu. Si kweli, ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Mwanachuoni yule hana haja ya kuongezewa sifa isiyokuwa yake.

Wazee wetu walikuwa na hofu moja ambayo vijana hawaijui. Zama za filamu, hata kama mpigaji alikuwa mwanamke mcha Mungu, filamu ilikuwa lazima ipelekwe studio kusafishwa, na aliyesafisha aghlabu alikuwa mwanamume. Miji yetu ilikuwa na mafundi mashuhuri: Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor na studio yake, Mombasa kulikuwa na Parekh, na kazi zao leo zinatazamwa hadi ughaibuni. Lakini fundi awe hodari namna gani, ni lazima aione picha ndipo aisafishe. Kamera ya dijitali imemwondoa mtu huyo wa kati. Mwanamke anapiga, anaitazama, anaifuta asiyoitaka, na hakuna jicho la tatu. Hii ni neema kubwa kwa wanawake wetu kuliko ubora wowote unaonadiwa madukani.

Mtu atasema: basi simu si inatosha? Kwa mwanga wa mchana, simu nzuri inatosha na kuzidi. Tatizo la simu halimo katika lenzi yake. Simu nyingi zimepangwa ili kila picha inayopigwa ipande yenyewe hadi ghala la mtandaoni, na mwenye simu huenda hajui kuwa aliukubali mpango huo siku aliyoinunua. Simu huazimwa na mdogo wake, hupelekwa kwa fundi ikivunjika kioo, huibiwa sokoni ikiwa wazi. Kamera hizi mbili zina Wi-Fi pia, lakini hazitumi kitu mpaka mwenyewe aziamuru. Asipoziamuru, picha zinakaa kwenye kadi ndogo, na kadi hiyo inaweza kutiwa ndani ya sanduku la dhahabu likafungwa kwa ufunguo. Mwenye simu anaomba asaliwe na wema wa watu wengi. Mwenye kadi ana funguo.

Sasa tuzitazame kamera zenyewe. Zote mbili ni ndogo za kutiwa mfukoni, na zote zimo katika daraja la juu la kamera ndogo. Sony ilitoka mwaka 2014 ikitangazwa Marekani kwa bei ya dola 799. Canon ilitoka mwaka 2016 kwa dola 699. Sony ina uzito wa gramu 290 na Canon gramu 319, tofauti ambayo mkono hauihisi. Ndani ya kila moja kuna sensa, yaani kile kibao kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani, na vibao hivyo vina ukubwa ule ule: milimita 13.2 kwa 8.8. Kamera ndogo za bei nafuu zinazouzwa sana mijini zina kibao chenye eneo la robo tu ya hilo. Hapo ndipo fedha inapokwenda. Muuzaji atakutajia megapikseli, na zote mbili zina takriban 20, lakini wingi wa megapikseli kwenye kibao kidogo ni kama wageni mia kwenye sinia moja: wote wamekula na hakuna aliyeshiba.

Jambo la pili wanalofanana ni mwanga ambao lenzi inaupitisha, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa harusi za wanawake aghlabu huwa usiku na ndani. Kwenye lenzi kumeandikwa 1.8-2.8. Nambari ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa. Tundu la 1.8 hupitisha mwanga zaidi ya mara mbili ya lile la 2.8. Kamera hizi mbili zina 1.8 zinapotazama kwa upana wote, na 2.8 zinapovuta karibu kabisa; hazishuki chini ya hapo. Kwa kamera za mfukoni huo ni ukarimu, na maana yake ni kwamba binti yetu ataweza kupiga picha nyingi ukumbini bila ya kuwasha fleshi.

Nitaeleza kwa nini naipiga vita fleshi. Harusi ya Garissa haikosi uunsi, ubani wao unaofukizwa katika dabqaad, chetezo cha udongo. Moshi ukitanda, fleshi huupiga moshi kwanza, na picha hutoka na ukungu mweupe mbele ya uso wa bibi arusi. Hilo ni la uzuri. La sitara ni zito zaidi. Diraa, vazi ambalo sisi Pwani tumelizoea kama dera, hushonwa kwa kitambaa chepesi sana, na fleshi inayopigwa kwa karibu hukipenya kitambaa hicho ikaonyesha yale ambayo jicho la mtu aliyekaa pale halikuyaona. Mama mmoja aliniambia kuwa aliona aibu kuitazama picha yake mwenyewe, ilhali vazi alilovaa lilikuwa na heshima zake zote na gorgorad chini yake. Fleshi na izimwe, na kamera yenye tundu kubwa ndiyo inayoruhusu izimwe.

Mpaka hapa kamera ni sawa, na kama yangekuwa haya tu ningewaambia wapige kura. Wanakoachana ni katika mambo matatu: umbali, jua, na betri.

Umbali. Lenzi ya Sony inaanzia milimita 24 hadi 70. Ya Canon inaanzia 24 hadi 100. Kwa lugha ya nyumbani: ukitaka bibi arusi ajae kwenye picha, mahali ambapo mwenye Sony atasimama hatua saba kutoka kwake, mwenye Canon atasimama hatua kumi na kupata picha ile ile. Hatua tatu katika ukumbi uliojaa wanawake waliokaa chini kwenye mikeka si kitu kidogo. Ni tofauti ya kukaa pembeni na kukanyaga mapaja ya mama za watu. Na liko jambo lingine wapiga picha wanalolijua: uso ukipigwa kwa karibu mno, pua hukua na masikio hukimbilia nyuma. Ukipigwa kwa mbali kidogo na lenzi ikavutwa, uso hukaa katika umbile lake aliloumbiwa. Bibi arusi aliyefanyiwa hina siku mbili anastahiki kutoka vile alivyo. Katika hili Canon imeshinda.

Kaka yake alitaja pia kwamba kamera itafaa kwa twiga wa Bour-Algi, hifadhi iliyo karibu na mji, ambako familia huenda kutembea. Namwambia kwa mapenzi kwamba si 70 wala 100 itakayomfaa kwa mnyama aliye mbali. Twiga atatoka kama mwiba kwenye upeo. Kwa kazi hiyo zipo kamera nyingine, tena kubwa na nzito, na hazikuwa katika suala hili.

Jua. Hapa kaka ana hoja, na ni hoja nzuri. Garissa ina jua ambalo serikali imelitegea mitambo: kituo kilichozinduliwa Desemba 2019 karibu na mji hugeuza jua hilo kuwa umeme wa takriban megawati 50. Mtu akisimama sokoni saa sita mchana na kamera mkononi, skrini yake hugeuka kioo. Anauona uso wake mwenyewe na kamba za ngamia hazioni. Sony ina dawa ya hilo. Pembeni mwa kamera kuna kidirisha kidogo cha kutazamia ambacho huibuka kwa kusukuma swichi, kisha hupaswa kuvutwa nyuma kwa kidole. Mtu huweka jicho hapo, jua likafungiwa nje, akaiona picha kama aliye ndani ya hema. Canon haina kidirisha hicho kabisa. Ina skrini tu, ingawa skrini yake huitikia kidole kama ya simu, jambo ambalo Sony haina; mpigaji huligusa jicho la bibi arusi kwenye skrini na kamera ikalenga hapo. Wanawake wanaovaa glavu wajue kuwa glavu ya kitambaa aghlabu huwa haitambuliwi na skrini kama hiyo, lakini vitufe vya kamera vipo na vinafanya kazi vilevile.

Kidirisha kile cha Sony kina siri moja ambayo kaka hakuambiwa dukani: ukikirudisha ndani, kamera yote huzimika. Mtu hukizoea, lakini mara za mwanzo atadhani imeharibika.

Betri. Kwa kipimo cha viwandani Sony hupiga picha 320 kwa betri moja, na Canon 265. Usiku wa harusi hautoshelezwi na yoyote kati ya hizo. Betri ya pili si anasa, ni sehemu ya bei, na ihesabiwe kabla ya fedha kutoka mkobani. Sony huchajiwa kwa waya mdogo wa zile simu za zamani, hata kwa betri ya kubebea mkononi, wakati umeme umekatika. Canon iliuzwa pamoja na chaja ya ukutani ya betri yake. Basi mnunuzi ahakikishe chaja hiyo imo ndani ya boksi, kwa maana katika biashara ya vitu vilivyotumika chaja ndiyo ya kwanza kupotea.

Kuna adui wa nne ambaye hachagui baina yao, naye ni vumbi. Lenzi za kamera zote mbili hutoka nje zinapowashwa na kurudi ndani zinapozimwa, kama kobe na kichwa chake. Kila zinapotoka na kuingia hubeba hewa, na hewa ya Garissa wakati wa upepo wa kiangazi imejaa mchanga mwekundu laini. Hakuna kati yao iliyozibwa dhidi ya vumbi. Chembe ikifika kwenye kibao cha ndani, huonekana kama doa katika kila picha, na kwa kuwa lenzi haifunguki, mwenyewe hawezi kulisafisha. Ni mpaka fundi aifungue kamera yote. Kwa hiyo kamera isiwashwe kwenye upepo. Ikae katika mfuko wa nailoni wenye kufungika, ndani ya mfuko mwingine wa kitambaa, na isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na yeyote atakayeibeba kamera nje asiielekeze kwenye daraja la Tana, vizuizi vya barabarani wala askari. Eneo lile limepita katika msiba mkubwa, na walinzi hawana subira kwa kamera, iwe ya mgeni au ya mwenyeji.

Nirudi kwa wale ndugu wawili. Nilimpigia simu kaka nikamuuliza kazi anayoitaka kamera kuifanya. Akanieleza kwa bidii: anapiga picha za ng'ombe na ngamia sokoni, anawatumia wanunuzi wa Nairobi na Mombasa, na anayeona mnyama kwa uwazi hutoa bei bila ya kusitasita. Nikamuuliza sasa anazipiga kwa nini. Akasema kwa simu. Nikamuuliza kama amewahi kukosa mnunuzi kwa ajili ya picha. Akacheka, akasema, "Maalim, unanipeleka mahali."

Ndipo nilipokuwa nikimpeleka. Ngamia hana wa kumwonea haya. Picha yake ikipanda mtandaoni, ikisambaa, ikifika kwa watu elfu, mwenyewe atafurahi na dalali atafurahi zaidi. Kazi ya kaka inahitaji picha ifike mbali na kwa haraka, na simu iliumbwa kwa hilo. Na kwa jua, ajitengenezee kivuli kwa mkono au kwa kanga ya mama yake. Kazi ya binti inahitaji picha isifike popote ila kwa mwenyewe. Hiyo simu haiiwezi. Kidirisha cha Sony ni kizuri, lakini ni kwa ajili ya jua, na kazi ya binti haina jua. Kazi yake iko usiku, ndani, penye moshi na umati, akiwa amekaa pembeni. Hiyo ni kazi ya Canon.

Na kulikuwa na hoja nyingine ambayo sikutaka kuianza nayo, kwa kuwa niliona ndugu hawa wanapendana na kaka hakukusudia dhulma. Fedha ni ya binti. Ameichanga yeye, zamu ni yake. Aya ya 32 ya Suratun-Nisaa imekwisha kulikata jambo hili: chumo la mwanamke ni lake. Kaka kumsaidia dada yake kwenda Nairobi ni ihsani na ana ujira kwa Mola wake, lakini ujira huo haumpi haki ya kuchagua. Katika nyumba zetu nyingi, Pwani na Garissa, mwanamume hubeba fedha ya mwanamke hadi sokoni na njiani fedha hiyo hubadilika ikawa "yetu". Nilimwambia hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza Canon yaitwaje ile, aiandike asikosee.

Alivyokuwa anaandika nilimwongezea ya kuangalia dukani, na wasomaji walioko kwenye safari kama yake wayachukue. Aiwashe na kuizima kamera mara kumi, akiisikiliza lenzi. Ikikwaruza kama inayotafuna mchanga, airudishe. Apige picha ya ukuta mweupe au karatasi, tundu likiwa dogo kabisa, kisha aivute kwenye skrini na kutafuta madoa. Doa lililo pale pale katika kila picha ni vumbi la ndani. Ainue fleshi na kuishusha. Aikunjue skrini hadi mwisho wake, maana waya wake hukatika kwa kukunjwa mno. Aulize betri ni ya asili au ni ya kuiga, na kama muuzaji ataapa, amwombe risiti badala ya kiapo. Asipokee kadi ya bure iliyotumika, na aliyepewa asiitie katika kamera ya harusi.

Kuhusu kadi, binti amenipigia mwenyewe, na maswali yake yalikuwa mazuri kuliko ya kaka. Nilimweleza kuwa picha iliyofutwa kwenye kadi haijaondoka. Kufuta ni kama kukata jina la mtu kwenye daftari la mgahawa; mtu mwenyewe bado yumo ndani anakunywa chai. Ziko programu zisizo na gharama zinazozirudisha picha zilizofutwa, hata baada ya kadi kusafishwa na kamera. Kwa hiyo kadi iliyoingia harusini haiuzwi, haiazimwi, wala haifuati kamera siku kamera itakapouzwa. Nimemshauri kila bibi arusi amnunulie kadi yake, iwe ndani ya bei ya kazi. Harusi ikiisha na picha zikichapishwa, kadi inakabidhiwa kwa bibi arusi mkononi mwake, mbele ya mama yake, na mpigaji asibakie na nakala. Wateja wakilijua hilo watamlipa zaidi, si pungufu.

Aliuliza pia kama anaweza kuonyesha picha chache mtandaoni ili apate wateja. Aonyeshe mikono yenye hina, vyetezo, mapambo ya jukwaa, mikeka, sahani za xalwo. Nyuso na mavazi ya watu, hapana, hata wakikubali kwa furaha ya usiku ule. Na zaidi ya sheria ya dini iko ya nchi: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa ni taarifa yake binafsi, na mwaka 2023 Kamishna wa Data alizitoza faini taasisi kadhaa, ikiwemo shule, kwa kutangaza picha za watu bila ya idhini halali.

Lilibaki la kuchapisha, maana picha ikipelekwa kwenye duka la kuchapia, yule msafishaji wa zamani amerudi kwa mlango wa nyuma. Zipo mashine ndogo za kuchapia za nyumbani, Canon SELPHY ikiwa mojawapo, zinazopokea kadi moja kwa moja na kutoa picha za sentimita 10 kwa 15 bila ya kompyuta wala intaneti. Anaikusudia hiyo kwa zamu yake ijayo ya ayuuto. Lakini ndani ya mashine hizo mna utepe wa rangi, na kila picha iliyochapishwa huacha alama yake juu ya utepe huo, sura ikibaki kama kwenye filamu. Utepe ukiisha, watu huutupa jaani, na mtoto akiuokota na kuuelekeza kwenye jua atawaona wote waliokuwamo ukumbini. Utepe huo ukatwekatwe kwa mkasi, kisha utiwe motoni nje ya nyumba, mbali na watoto, kwa kuwa moshi wake si mzuri.